Goti la Fundi Rahimu

Ukitaka mtu wa kubishana naye Ngamiani, usihangaike. Fika Barabara ya Kumi na Nne, ulizia Rahimu fundi baiskeli, na ubishi utaanza kabla hujaketi. Atakuambia kwamba yeye si Rahimu fundi baiskeli. Yeye ni Fundi Rahimu, kwa sababu baiskeli ni kazi na ufundi ni cheo. Ukimkubalia, atakutilia shaka. Mtu anayekubali upesi namna hiyo, atasema, ama amekuja kuazima pampu ama hakusikiliza.

Kibarazani kwake hutundikwa ringi, fremu na tyubu, ingawa siku hizi vumbi la pale ni jingi kuliko wateja. Tanga ilikuwa mji wa baiskeli. Mwalimu alikwenda shule kwa baiskeli, mkunga alikwenda kuzalisha kwa baiskeli, na wapo mabibi wa heshima mjini humu waliotolewa kwao siku ya harusi wamekaa kwenye keria, kanga mbili kichwani. Wote hao walipita kwa Rahimu. Leo kijana akitumwa chumvi duka la pili anaita bodaboda. Bodaboda ikiharibika, kifaa kinatolewa kizima, kinawekwa kingine, na kile cha kwanza kinatupwa mtaroni. Mitaro yetu imejaa vyuma ambavyo Rahimu angevifufua, na watu wanalalamika kwamba maji ya mvua hayaendi.

Jambo jingine alilokuwa akilibishia ni ndoa za siku hizi. Amealikwa kwenye kumbi, na kila mara alirudi amenuna. "Bwana harusi kiti cha dhahabu, mkwe kiti cha plastiki, sheikh kiti cha plastiki," alikuwa akisema. "Ile si nikahi, ule ni mkutano wa kijiji. Imebaki kusomwa ajenda." Nikahi kwake ilikuwa na namna moja tu: mkeka wa ukindu, baba wa binti amekaa chini, mwoaji amekaa mbele yake, magoti yanakaribia kugusana, mkono ndani ya mkono. Maneno haya aliyasema mara nyingi mno, na mbele ya watu wengi mno. Kwa hiyo mguu wake ulipokatwa, baada ya kumpa pole, mtaa mzima uliyakumbuka.

Mguu wenyewe ulikatika kwa ubishi. Kipande cha spoki kilimchoma kidole cha mguu wa kulia. Alikwisha kuambiwa kwamba ana sukari, lakini aliendelea kunywa chai ambayo kijiko kinaweza kusimama ndani yake. Kidonda kikagoma kupona. Akakitia grisi, kwa sababu grisi huzuia kutu. Daktari akasema kidole kikatwe. Rahimu akasema apewe muda akafikiri. Alipomaliza kufikiri, daktari akasema sasa ni mguu, chini ya goti. Rahimu akasema lazima akaonane na ndugu. Alipomaliza kuonana na ndugu, daktari hakutaja tena chini ya goti. Sokoni mtu akibishania bei, bei hushuka. Rahimu alibishana akaona inapanda, na ilipanda kwa mguu wake mwenyewe, mpaka ikapita goti na kusimama katikati ya paja.

Basi akawa mtu wa magongo mawili. Kazi aliifanya amekaa kwenye benchi, na ulimi haukuguswa na kisu.

Ndipo binti yake Hamdiya akachumbiwa. Mchumba aliitwa Kombo, kijana wa Pangani anayefanya kazi ya kompyuta bandarini, mpole, mwenye adabu, anayeshikamoa hata watu ambao hawajafikia umri wa kushikamoiwa. Rahimu alimtafuta kasoro akakosa, jambo lililomuudhi kwa siku kadhaa. Nyumba mbili zikakubaliana. Bi Nasma, mke wa Rahimu, akaanza kupiga hesabu ya wageni, kisha, kwa sauti ya mtu anayetaja jambo dogo, akasema:

"Baba Hamdiya, nikahi ifungwe hapahapa sebuleni. Lakini safari hii tuweke viti. Wewe chako, Kombo chake."

"Viti?"

"Viwili tu."

"Unataka nimuoze mwanangu kwenye mkutano wa kijiji?"

"Nataka umuoze bila kubebwa," akasema Bi Nasma.

Hapo ndipo palipomuuma. Kukaa chini aliweza, lakini alishushwa na watu wawili kama kabati la vyombo, mmoja kwapa hili, mwingine kwapa lile, na kila mmoja akimwambia mwenzake "taratibu, taratibu." Alikwishashushwa hivyo mara moja kwenye hitima, na tangu siku hiyo akaapa hatashushwa tena mbele ya watu. Na hapa watu wenyewe ni wakwe.

Mdogo wake, Ibrahimu, alikuja kutoka Ushongo aliposikia habari. Ibrahimu ana nyumba ya wageni kule ufukweni, anazungumza na Wazungu mchana kutwa, na amepata tabia ya kuzungumza na kila mtu kana kwamba amechelewa kufungua mlango wa chumba.

"Kaka, mambo haya ni mepesi," akasema. "Sheria inaruhusu. Nipe uwakala, mimi nitakaa mkekani kwa niaba yako. Wewe utakaa pembeni, umependeza, unatazama."

"Nimekufa?"

"Hujafa, kaka."

"Nimepotea njia? Nimekuwa mwendawazimu?"

"Kaka, nani amesema hayo?"

"Basi uwakala wa nini? Hamdiya ana baba."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana mbele ya Bi Nasma: siku ya nikahi, ikiwa Rahimu ataingia sebuleni kwa miguu yake na kukaa mkekani mwenyewe, bila ya mkono wa mtu, ataozesha mwenyewe. Akishindwa, Ibrahimu atakaa pale. Ibrahimu alikubali haraka, na kabla ya kurudi Ushongo akapeleka kanzu yake kwa fundi ikafupishwe vizuri.

Sasa Rahimu alihitaji mguu. Na mguu ukaja, kwa njia ambayo hata yeye hakuitarajia.

Jirani yetu, marehemu Bwana Khalifa, mtu wa Kimanga mwenye mashamba ya minazi, alikuwa na mguu wa bandia. Naye ilikuwa sukari, lakini yeye hakubishana na daktari, kwa hiyo alikatwa chini ya goti. Jamaa zake wa Maskati wakamtengenezea mguu wa huko: mwepesi, laini, una vidole vyenye kucha, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Alitembea nao miaka kadhaa na wengi hawakujua. Alipofariki, mjane wake, Bi Sabiha, alifanya kama wanavyofanya watu wetu: nguo za marehemu zikagawiwa sadaka, kanzu huku, makoti kule, kofia kwa madrasa. Ukabaki mguu. Bi Sabiha akafikiri nani anauhitaji, akamtumia Rahimu salamu aje.

Bi Sabiha alikuwa kwenye eda. Akazungumza na Rahimu kutoka nyuma ya pazia, kama ilivyo desturi, yeye ndani, Rahimu barazani. Nalilaumu pazia lile kwa nusu ya mambo yaliyofuata, ingawa ni desturi ninayoipenda. Bi Sabiha hakumwona Rahimu amekatwa wapi. Alijua tu kwamba Rahimu hana mguu na yeye ana mguu usio na mtu.

"Fundi Rahimu, marehemu alikupenda," akasema Bi Sabiha. "Alisema wewe ndiye mtu pekee mtaani usiyemwitikia ndiyo kwa kila analosema."

"Mungu amrehemu. Alikuwa akikosea sana."

"Pokea sadaka hii, umwombee dua."

Dada yake Bi Sabiha akautoa mguu umefungwa kwenye kilemba kizuri cha marehemu. Rahimu akaufungua. Akauona ni mfupi, unaishia chini ya goti. Akauona pia ni wa kushoto, kwa sababu kidole gumba kilikuwa upande usio wake. Mtu mwingine angesema. Lakini utairudishaje sadaka ya maiti mbele ya mjane, eti haikutoshi, kama shati? Rahimu aliyebishana na madaktari, kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema "Ahsante sana, bibi," akaondoka na mguu kwapani.

Alipofika nyumbani tayari alikuwa ameshajishawishi.

"Mguu ni mguu," akamwambia Bi Nasma. "Umepungukiwa na goti tu. Goti ni bawaba."

Akafanya kazi siku nzima kwa furaha ambayo hatukuiona kwake tangu akatwe. Aling'oa bawaba ya mlango wa choo. Akachukua bomba la siti ya baiskeli ya zamani, akaliingiza ndani ya kikombe cha mguu wa Bwana Khalifa, ile sehemu ya juu iliyo tupu mwenye mguu anamotia kigutu chake, akaizungushia mpira wa tyubu mpaka ikakaza. Juu ya bawaba akafunga kopo kubwa la maziwa ya unga lililokatwa na kuviringishiwa kitambaa, liwe la paja. Akamalizia na mikanda ya tyubu mpaka kiunoni. Mimi niliuona. Chini ulikuwa mguu wa bwana mkubwa wa Maskati, juu ulikuwa duka la vyuma chakavu, na unyayo ulitazama upande kana kwamba unataka kurudi kwao.

"Mlango wa choo je?" akauliza Bi Nasma.

"Watu wakohoe."

Ijumaa akavaa kanzu, akaweka gongo moja tu kwapani, akatoka kwenda msikitini. Hatua za kwanza zilikwenda. Vibarazani watu walisimama. Lakini bawaba ya mlango haijui kama mlango unafunguliwa na mtu au na upepo. Mbele ya meza ya mama muuza machungwa ya Muheza, Rahimu aliweka uzito wote, bawaba ikakunja, mikanda ikakatika, na Fundi akashuka juu ya machungwa kwa kishindo. Machungwa yakatawanyika barabara nzima.

"Baba! Baba!" akapiga kelele mama wa machungwa. "Mguu wako umebaki huku!"

Kweli ulibaki. Ulisimama peke yake katikati ya barabara, na kiatu chake, na bodaboda mbili zikaukwepa kwa adabu kuliko zinavyotukwepa sisi.

Ibrahimu alisikia Ushongo kabla ya adhana ya alasiri. Akapiga simu kumpa pole kaka yake, na katikati ya pole akauliza, polepole, kama yale maneno ya kuozesha huanza na "nimekuoza" au na "nakuoza." Rahimu akakata simu.

Kesho yake Bi Nasma hakuomba ushauri. Aliita bajaji, akamtia mumewe ndani, akautia na ule mguu kwenye kiroba, wakaenda kwenye karakana ya viungo vya bandia. Fundi wa pale anaitwa Hosea, Mshambaa wa Lushoto, kijana kiasi, mikono imejaa vumbi jeupe la plasta kama mtengenezaji mikate.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kazi hii umeisomea au umezaliwa nayo?"

"Nimesomea, mzee. Moshi."

"Haya. Sisi wengine tulizaliwa nayo."

Hosea akautoa mguu kwenye kiroba. Hakucheka, na hilo nampa heshima, kwa sababu mimi nilipouona nilicheka. Akauzungusha, akaijaribu bawaba.

"Hii umeitoa wapi?"

"Mlango wa choo."

"Ni bawaba nzuri."

"Najua."

"Lakini mguu huu si wako, mzee. Ni wa mtu aliyekatwa chini ya goti. Wewe umekatwa juu."

"Mguu ni mguu."

"Wewe ni fundi baiskeli. Ringi ya ishirini na nane inaingia kwenye fremu ya ishirini?"

Rahimu akafikiri. Ubishi ni jambo moja, lakini kazi haisemewi uongo. "Ukiipiga sana inaingia," akasema.

"Na baiskeli inakwenda?"

"Inakwenda mpaka inapoanguka."

"Basi na wewe umekwenda mpaka ulipoanguka."

Bi Nasma akaziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Ukutani mwa karakana ilining'inia miguu mingi, mingine mizima, mingine nusu, kama ringi zilivyoning'inia kwa Rahimu, na nadhani hilo ndilo lililompoza. Hosea akamwonyesha mmoja baada ya mwingine. Huu mfupi, mnene chini, ni wa mtu aliyekatwa kwenye kifundo. Mtu huyo bado anakanyaga ncha ya kigutu chake mwenyewe, kwa hiyo anatakiwa kikombe tu na unyayo mwembamba, la sivyo mguu wa bandia utakuwa mrefu kuliko mzima. Huu ni wa aliyekatwa chini ya goti. Yeye hasimamii ncha, ngozi ya pale haiwezi, bali kikombe kinamshika chini kidogo ya pia ya goti, pale penye mshipa mgumu, na goti lake mwenyewe linafanya kazi yote. Anapanda ngazi, anaendesha baiskeli.

"Baiskeli?" akasema Rahimu.

"Vizuri kabisa."

"Na wangu mimi?"

Hosea akashusha mguu mmoja mrefu. Kikombe chake kilikuwa kipana juu, na ukingo wa nyuma ulikuwa na kitako kidogo. "Wewe kigutu kimezungukwa na nyama tupu, hakuna mfupa wa kuegemea. Kwa hiyo uzito unaubeba hapa, kwenye mfupa unaokalia. Ukisimama, unakuwa umekaa juu ya ukingo huu. Kama siti ya baiskeli."

"Kumbe mtu anatembea huku amekaa."

"Ndiyo. Na mkanda kiunoni, mguu usikuvuke. Halafu goti. Aliyekatwa chini nampa mguu. Wewe nakupa mguu na goti, na goti ndilo lenye taabu, kwa sababu halina akili. Halijui saa ya kukunja na saa ya kusimama. Kwa hiyo nalitia komeo. Ukitembea, limefungwa, mguu unakuwa mnyoofu kama mti. Ukitaka kukaa, unavuta uzi huu hapa pajani, komeo linafunguka, goti linakunja."

Rahimu akauvuta uzi. Goti likalia *tak*, likakunja. Akalifunga, akalifungua tena. Kisha akakaa kimya, jambo ambalo Bi Nasma anasema lilimtisha kuliko kuanguka.

"Nilipoambiwa kidole," akasema Rahimu, "ningekitoa kidole."

Hosea alichukua bakuli la maji, akaanza kulowesha bandeji za plasta.

Kigutu kikafungwa bandeji za plasta mbichi mpaka zikakauka, zikatolewa kama ganda, na ndani ya ganda lile Hosea akapata sura ya paja la Rahimu; la mtu mwingine yeyote halitaingia humo. Wakati wa kupima, Hosea, aliyekwisha kuambiwa na Bi Nasma habari za nikahi, akauliza:

"Umekuja na kiatu utakachovaa siku hiyo? Kisigino cha kiatu ndicho kinachoamua niuinamishe mguu kiasi gani."

"Kiatu cha wapi?"

"Cha harusini."

"Viatu mkekani? Wewe umelelewa wapi?"

"Lushoto, mzee."

"Na Lushoto mnapanda juu ya mkeka na viatu?"

Hosea akaweka penseli chini. Akaeleza kwamba asingeuliza, angempangia mguu wa kisigino, kama anavyowapangia wengi, na Rahimu angevua viatu mlangoni, akaingia sebuleni mguu unamsukuma nyuma, akaanguka mbele ya sheikh. Rahimu akamtazama mke wake kwa ushindi mkubwa, kana kwamba yeye ndiye aliyegundua mguu wa bandia. Mguu ukapangwa wa peku.

Na ule wa Bwana Khalifa? Rahimu alikwenda tena mbele ya pazia, safari hii akasema kweli. Bi Sabiha alicheka mpaka akalia, kisha akakubali mguu ubaki karakana. Hosea akaondoa kikombe cha marehemu, akamtengenezea kikombe kipya mama mmoja wa Mabawa aliyekatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Mama yule ni mweusi kama Rahimu, na unyayo ni wa Maskati, lakini anasema buibui ni refu.

Siku za mazoezi zilikuwa ngumu kwa mtaa. Hosea alimtandikia mkeka karakana, na nyumbani Rahimu akaendelea mwenyewe. Mtu akipita mchana anasikia *tak*, kisha kishindo, kisha Bi Nasma: "Umeumia?" na Rahimu: "Mkeka ndio uliosogea!" Kikombe kilimbana kinenani, Hosea akakipiga msasa. Mkanda ulimchubua, ukawekwa sufi. Rahimu alikuwa akiuvuta uzi kabla mkono haujagusa chini, kwa pupa, na goti likimwangusha kila mara. Hosea alimwambia, kwanza mguu mzima ukunje, kisha mkono chini, na komeo mwisho. Rahimu alimwambia kwamba babu yake alikaa mkekani bila kufundishwa. Hosea alimjibu kwamba babu yake alikuwa na magoti mawili.

Siku ikafika. Sebule ya Rahimu si kubwa. Mkeka mpya wa ukindu ulitandikwa ukuta kwa ukuta. Sheikh, kijana mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, alikuja na kipaza sauti, ingawa wote tuliomo mle tungeweza kusikia akipumua. Watu wa Pangani walikaa upande mmoja. Kombo alikuwa katikati, kanzu na joho, amekunja miguu kwa adabu. Ibrahimu alikaa karibu kabisa na ile nafasi ya wazi mbele ya Kombo, kanzu yake imefupishwa vizuri, midomo inacheza kimyakimya. Alikuwa akirudia maneno.

Rahimu akatokea mlangoni mwa chumba. Hakuwa na gongo. Mguu wa bandia ulichora nusu duara kila hatua, kwa sababu haukunji, na alipita kati ya magoti ya watu wa Pangani akisema "niwieni radhi, niwieni radhi" kwa upole ambao si wake. Alifika kwenye nafasi yake. Ibrahimu akainua mkono kidogo, kama mtu anayetaka kusaidia.

"Weka mkono wako chini, Ibrahimu," Rahimu akanong'ona, na kipaza sauti kikalisema hilo kwa nyumba nzima.

Akaukunja mguu mzima. Akainama. Paji la uso likatoka jasho. Mkono ukagusa mkeka. *Tak.* Akakaa.

Nilisikia pumzi zikitoka. Guu la plastiki lilijitokeza mbele, unyayo ukimtazama sheikh, akalisukuma pembeni na kulifunika kwa kanzu. Kisha akanyoosha mkono. Kombo akautia wake ndani.

Sheikh akasoma khutba. Siku zangu khutba ya nikahi ilikuwa ikimwogopesha mwoaji kwa maneno machache. Huyu alieleza ndoa, akaeleza simu, akaeleza mitandao, akaeleza tofauti ya mapenzi na tamaa, akarudi kwenye simu. Rahimu hakuuachia mkono. Zamu yake ilipofika, akakohoa, akasema yote mwenyewe, neno kwa neno, bila kusaidiwa: amemuoza Kombo binti yake Hamdiya. Kombo akasema amekubali. Midomo ya Ibrahimu iliyafuata maneno mpaka mwisho, kisha nayo ikasema amiin. Ndani wanawake wakapiga vigelegele, na katikati yake nikasikia mtu analia. Nadhani ni Hamdiya, lakini Bi Nasma anasema ni yeye.

Basi watu wakainuka. Nje lilifungwa turubai, na chini yake meza na viti vya plastiki, maana hilo Bi Nasma alilishinda. Kila mtu sahani yake, kijiko chake, chupa yake ya maji, kama abiria. Walitoka wakipongezana. Mimi nilichelewa kwa sababu nilikuwa nikitafuta kofia yangu, na hivyo nikaona kwamba watu wawili hawajatoka. Mkwe na mkwewe walikuwa palepale mkekani, wanatazamana.

"Mbona huinuki, mwanangu?" akauliza Rahimu. "Nenda kale. Wanakungoja."

"Naja, baba." Kombo hakutikisika. Uso ulikuwa umemwiva. "Miguu imekufa ganzi."

"Yote miwili?"

"Yote. Kazini nakaa kwenye kiti."

"Pole. Mimi umekufa mmoja tu. Huu mwingine haujui ganzi."

"Na wewe baba, mbona huinuki?"

Rahimu akatazama mlangoni kuona kama kuna mtu. Mimi hakunihesabu.

"Kuinuka hatujafika," akasema. "Ni somo la Jumatatu."

Kombo alijizuia, akajizuia, kisha akacheka mpaka joho likamvuka begani, na kila akicheka ganzi ikamchoma, akawa anacheka huku anasema "aah, aah." Rahimu naye akacheka. Bi Nasma akachungulia.

"Hee! Bado mko hapo? Niwaite watu wawainue?"

"Usimwite mtu," akasema Rahimu. "Tuletee sinia."

Likaja sinia la pilau, kubwa, lile la zamani la shaba lililokuwa limefichwa chini ya kitanda kwa kuwa siku hizi halina kazi. Mkwe na mkwewe wakanawa mikono, wakala pamoja, na Rahimu akamsukumia kijana vipande vizuri vya nyama upande wake, kama walivyofanya baba zetu. Nami nikakaribishwa. Sikukataa.

Tulikuwa katikati Ibrahimu alipokuja kututafuta, sahani ya plastiki mkononi. Akasimama mlangoni, akatutazama, akaitazama sahani yake. Halafu akaiweka juu ya kabati, akavua viatu, akaanza kushuka mkekani, magoti yake mazima mawili yakilia kama bawaba kavu.

"Karibu, karibu," akasema Rahimu, akimpisha. "Lakini fikiri vizuri, mdogo wangu. Wa kutuinua bado hajapatikana."